Miaka Minne ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilipata kibarua cha siku tatu cha kuhamisha madawati ya chuo kimoja mjini Mbeya. Nimefanya vibarua vingi vya namna hiyo katika miji mingi, maana shuleni sikukaa hadi mwisho, na mahali popote nilipofika baadaye sikukaa hadi mwisho pia. Siku ya pili tulifungua ukumbi wa michezo uliokuwa umefungwa muda mrefu. Kabla macho hayajazoea giza la ndani, pua ilikuwa imeshafika. Polishi ya sakafu, jasho la zamani lililozama kwenye mbao, na kwa mbali dawa ya kuchua misuli, ile yenye ukali wa kafuri. Wenzangu walinipita na madawati yao. Mimi nilibaki mlangoni, nina miaka tisa, niko Johannesburg, namsubiri mama mdogo amalize mazoezi.

Sisi ni Warundi. Tuliishi ghorofa ya nne katika jengo la katikati ya mji, upande wa Marshalltown, chini yetu duka la jumla la mablanketi, juu yetu kanisa lililoimba kila jioni mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mama alisuka nywele kwenye kibanda cha kukodi. Baba alikuwa mlinzi mtaa wa Kensington, anaingia nyumbani sisi tunatoka. Kwa hiyo shule ikifungwa mchana, mimi nilikuwa wa Odette, mdogo wake mama, aliyekuwa anasoma chuo na kucheza voli. Vitabu vinasema mpira wa wavu, lakini Warundi wote niliowajua walisema voli, na Odette aliijua tangu Bujumbura, shuleni kwa masista.

Alikuwa mfupi, magoti yamejaa makovu, mikono imepauka kwa ndani kwa kupigwa na mipira. Hakuniita jina langu. Aliniita Maswali. "Haya Maswali, leo unaruhusiwa matatu," angesema tunaposubiri robot, yaani taa za barabarani, ibadilike tuvuke, na mimi nilikuwa nimeyamaliza yote kabla ya taa ya kijani.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na korido ndefu, na ukutani zilitundikwa picha za timu zote za wasichana zilizowahi kutwaa ubingwa wa vyuo. Huko ndiko nilikojifunzia historia, mimi ambaye historia ya darasani ilinilaza usingizi. Picha za kwanza zilikuwa za wasichana wa kizungu tu, sketi fupi za mikunjo, nywele zimefungwa kwa riboni. Miaka mingi hivyo. Halafu picha moja ambayo msichana mweusi amesimama mwisho wa mstari, mabega yamekaza, kama mtu aliyeombwa kumshikia mwingine nafasi. Halafu wawili. Halafu wanne. Halafu zile za karibuni ambazo wote wanacheka na hakuna anayekaza mabega.

Aliyenisomea picha hizo alikuwa Ma Thandeka, mwanamke aliyefagia ukumbi ule na kuupaka polishi. Mwenyewe alikuwa amecheza alipokuwa kwenye chuo cha ualimu, siku ambazo mashindano yalikuwa mawili, ya wazungu na ya weusi, na ya weusi yalichezwa juu ya udongo.

"Tulishinda mara mbili," aliniambia, amejiegemeza kwenye ufagio.

"Picha iko wapi?"

"Picha? Hakukuwa na picha, mtoto. Kulikuwa na mbuzi. Tulimla siku hiyohiyo."

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba zamani hukupata pointi kama si upande wako ulioanzisha mpira. Mlinyang'anyana zamu mpaka jua likashuka na matokeo bado ni tatu kwa mbili, na wasichana wakaanza kulia kwa kuchoka, wote, hata wanaoongoza. Nilipenda sana kusikia hayo. Tangu hapo, kila mji ninaopita wenye maktaba, hutafuta kama kuna mtu aliyeandika mashindano yale ya wasichana. Michezo ya wanaume imeandikwa mpaka nani aliumwa tumbo siku gani. Ya Ma Thandeka sijawahi kuikuta, hata mstari mmoja.

Mama mdogo alicheza nafasi ya libero. Ni mchezaji wa nyuma, kazi yake kuokoa mpira usiguse sakafu. Haruhusiwi kuruka na kuupiga juu ya wavu, na huvaa jezi ya rangi tofauti na wenzake ili mwamuzi amtambue. Haya nayajua leo. Wakati ule nilichoona ni wasichana wa bluu na mama mdogo peke yake wa njano, na nikajieleza mwenyewe sababu: ni kwa kuwa sisi ni wakimbizi. Ilikaa sawasawa. Wenzake walikuwa na vitambulisho vya kijani vyenye jalada kama kitabu. Sisi tulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Wenzake waliruka na kupiga, yeye hapana. Aliingia na kutoka uwanjani bila mwamuzi kumhesabu. Hata picha za ukutani ziliniunga mkono, kwani zile za zamani hazikuwa na jezi ya pekee, kisha kuanzia mwaka fulani kila timu ina msichana mmoja wa rangi yake. Nikaamua huo ndio mwaka ambao wakimbizi walianza kufika. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikumuuliza mtu. Nilidhani lingemwaibisha.

Kuna jambo jingine nililolijua vibaya, na hilo ndilo lililotugharimu.

Odette alikuja Johannesburg akiwa na miaka kumi na tano, peke yake, kwa malori, akimtafuta dada yake. Siku ya kwenda kuandikishwa ukimbizi, kwenye foleni, mwanamke mmoja wa Bukavu alimvuta mama pembeni. "Huyu ukisema ni mtoto, na wewe hukumzaa, watampeleka kwenye nyumba ya watoto. Utakuwa unakwenda kumtazama kama mgonjwa. Mkuze." Mama akamkuza palepale. Akamfunga kilemba, akampaka rangi ya mdomo, akavua viatu vyake vya kisigino akamvisha, yeye mwenyewe akabaki na ndala za yule Mkongomani. Dirishani Odette akasema ana kumi na tisa. Ofisa akamtazama, akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, kama walivyoandikiwa wote wasio na cheti, na Odette alipogeuka kuondoka, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

Nyumbani kwetu hiyo ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Kila mgeni aliyekuja kula alisimuliwa, na mama aliigiza jinsi Odette alivyochechemea hadi barabarani. Karibu kila mgeni alikuwa na yake ya kurudisha: mmoja alipunguziwa miaka apate kuingia shule, mwingine aligeuzwa pacha wa binamu yake. Watu wazima walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nikakua nikiamini kwamba miaka ni kitu kinachogawiwa dirishani, kama namba ya foleni, na kwamba kila mtu duniani anajua hivyo na anaona inachekesha.

Mwaka ule, uliofuata ule wa vuvuzela na Kombe la Dunia, timu ya Odette ilifika fainali. Hawakuwa wamefika tangu picha ya mwisho kutundikwa. Ma Thandeka aliipaka korido polishi mara mbili kwa wiki, na alikuwa ameshapigilia msumari. Odette alilala na mpira. Usiku nilisikia unadondoka sakafuni, naye anautafuta kwa mkono. Alitaka picha ile kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akitaka. "Nikiingia pale ukutani," aliniambia akichua magoti, "watafagia, watapaka rangi, watabomoa, lakini kwanza itabidi wanishushe."

Fainali ilikuwa Jumamosi, ukumbini kwao. Mama hakuja, Jumamosi ndiyo siku ya kusuka. Nilikwenda na Odette asubuhi, nimebeba chupa yake ya maji. Koridoni iliwekwa meza, na nyuma ya meza aliketi mwanamke mwenye miwani ya kamba, kutoka kwa waandaaji. Msimu mzima walikuwa wametumia kadi za chuo. Kwa fainali walitaka kitambulisho, maana mashindano yalikuwa ya wasichana wasiozidi miaka ishirini na miwili.

Vitambulisho vya kijani vikapita, kimoja kimoja. Odette akafungua mfuko wa plastiki, akaikunjua karatasi, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza. Yule mwanamke akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Huyu ana ishirini na minne," alimwambia kocha.

Kocha, mwanamke mkavu aliyeitwa Lerato, akainama juu ya karatasi. "Eish. Odette. Hii ni kweli?"

Odette alikuwa anaitazama ile tarehe kama mtu anayekutana na jamaa aliyemsahau. Naamini hakuwahi kuifikiria. Ilikuwa tarehe ya ofisini, ya kupigia foleni. Haikuwa na uhusiano na mwili wake.

"Amecheza mechi zote," kocha alisema. "Bila yeye sina mtu wa nyuma."

"Mechi zilizopita sizigusi. Lakini leo asiingie uwanjani. Pole, mama. Sikuiandika mimi."

Hapo ndipo niliposema. Niliongea Kiingereza, lugha niliyoijua kuliko zote, na niliongea kwa furaha, kwa sababu nilikuwa na dawa ya tatizo lao. "Hana ishirini na minne. Ana ishirini. Alidanganya tu pale dirishani, mama alimvisha viatu vikubwa." Na kwa kuwa hawakucheka, nikaendelea. Nikasimulia kilemba, nikasimulia rangi ya mdomo. Nikachechemea kidogo, kama mama anavyofanya, mpaka ukutani na kurudi.

Wasichana waliokuwa wakifunga kamba za viatu waliacha. Yule mwanamke aliweka kalamu chini.

"Nani alimdanganya nani?" aliuliza.

"Nyamaza," Odette aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, bila kunitazama.

"Kama karatasi hii ina uongo ndani yake," mwanamke alisema, na hakuwa mkali, nakumbuka vizuri kwamba hakuwa mkali, "basi si jambo la voli tena. Nitalazimika kuandika nilichosikia na kukipeleka wanakoshughulika na karatasi hizi. Familia nzima iko kwenye faili moja?"

"Faili moja," Odette alisema.

Kocha Lerato akamshika bega. "Sema ukweli, msichana. Una miaka ishirini? Tutampigia dada yako, tutatafuta mchungaji wenu aje aseme."

Nilimtazama mama mdogo na kusubiri aseme ndiyo. Neno moja tu, na lilikuwa la kweli. Sikuelewa kwa nini linachelewa. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza, na kucha zake alizokuwa amezikata fupi kwa ajili ya mechi zilikuwa zimegeuka nyeupe.

"Karatasi iko sahihi," alisema. "Mtoto anatunga. Anapenda sana kutunga."

"Sikutunga," nilisema.

Akachuchumaa mbele yangu, uso wake sawa na wangu. Harufu ya kafuri ilitoka kwenye magoti yake ikaniingia machoni. "Mwambie huyu mama kwamba umetunga."

"Lakini mama mdogo, wewe mwenyewe—"

"Maswali. Mwambie."

Nilijaribu kusoma uso wake, kama ni mzaha, kama ananikonyeza mahali fulani. Hakukuwa na kitu. Nikageuka, nikamwambia yule mwanamke kwamba nimetunga, kwamba hakuna viatu, kwamba samahani. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mwanamke alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Odette, na nikiwa mtu mzima sasa nadhani alijua. Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye orodha, akamrudishia karatasi ikiwa imekunjwa vizuri kuliko ilivyokuja.

Odette alivua jezi ya njano hapohapo koridoni, ndani akiwa na fulana, akampa msichana aitwaye Busi, aliyekuwa wa akiba. "Ukiona bega la mpigaji wao limeshuka, atapiga mstarini," alimwambia. "Usisubiri mkono."

"Sharp, sister," Busi alikubali, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Tulikaa jukwaani, safu ya tatu. Mikono yake ilikuwa imekaa mapajani, vidole vimefungamana kama wanavyofanya wanaopokea mpira, na kila mara wapinzani walipoanzisha, vilikaza. Uwanjani Busi alikimbia huku na huku ndani ya ile jezi, ikimbana kidogo mabegani. Nilimtazama seti nzima. Busi alizaliwa Soweto. Kitambulisho chake kilikuwa cha kijani. Nilikiona mezani kwa macho yangu.

"Kwa nini Busi amevaa jezi ya wakimbizi?" nikauliza.

Odette akageuka. "Jezi ya nani?"

Nikamweleza yote, picha za ukutani, mwaka ambao tulianza kufika, kutoruhusiwa kuruka. Mdomo wake ulianza kucheka. Niliuona ukianza, na nilifurahi, nikadhani tumepona. Kisha ukaishia njiani.

"Ni ya nafasi tu," alisema. "Anaweza kuivaa yeyote."

Akarudi kutazama mchezo. Mimi nikakaa na neno hilo, yeyote, na lilinikaa vibaya kuliko kama angenipiga. Siku zote nilikuwa nimeamini jezi ile haiwezi kuvaliwa na mwingine.

Mechi ilikwenda seti tano. Katika seti ya mwisho nilifumba macho, nikaomba kwa Mungu wa kanisa la juu ya nyumba yetu kwamba timu yetu ishindwe. Niliomba kwa nguvu zote, nikimtajia Mungu majina ya wachezaji mmoja mmoja asikosee. Nilidhani wakishindwa, yule mwanamke wa miwani ataona alichofanya, atakuja jukwaani, atasema haya, rudieni, safari hii na Odette. Nilipofumbua, mpira ulikuwa hewani, unashuka kwenye kona ya nyuma ya kushoto. Odette alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Bega la mpigaji lilikuwa limeshuka. Busi hakusubiri mkono. Akaupata, ukapanda, ukapigwa upande wa pili, na ukumbi ukalipuka.

Walishinda. Odette alipiga makofi mpaka wengine wote walipoacha, na alipoona bado anapiga peke yake, akaacha. Chini walikuwa wanapangwa kwa picha. Kocha Lerato alimwita kwa mkono, njoo, njoo usimame tu, na wasichana wakaita pia. Yule wa miwani alikuwa karibu na meza ya waamuzi, anakusanya makaratasi yake. Odette aliinua kidole gumba kuelekea kwao, akatabasamu vizuri kabisa, kisha akanishika mkono tukatoka kwa mlango wa upande, ule usiopitia koridoni.

Hakunigombeza njia nzima. Ningeshukuru angenigombeza. Kwenye robot tuliposimama, nilisubiri aniambie leo ninaruhusiwa mangapi. Taa ikawa kijani, tukavuka.

Nyumbani mama alikuwa ameshafika, vidole vimevimba kwa kusuka, anapika maharage. "Haya bingwa, mmeshinda?"

"Wameshinda."

Mama akageuka na mwiko mkononi. Odette akamweleza kwa maneno machache, akivua viatu, kwamba walitaka vitambulisho na kwamba umri umezidi. Kuhusu mimi hakusema kitu.

"Umezidi wapi?" mama akasema. "Wewe nimekubeba mgongoni, nimekuvusha mto na nepi zako. Una ishirini, hata ndevu za mahindi hujamaliza kuota."

"Nina ishirini na minne, dada."

Mama akacheka, akadhani ni mzaha. "Alaa. Ni vile viatu vyangu. Si nilikwambia vile viatu—"

"Dada," Odette alisema. "Mtoto anasikia."

Nilikuwa nimekaa mkekani na sahani yangu. Hakuna aliyewahi kusema hivyo kunihusu katika nyumba ile, ambamo nilikuwa nimesikia yote, vifo, mapenzi ya watu, ugomvi wa kanisani. Mama alinitazama, akamtazama mdogo wake, akanitazama tena, na niliona jinsi alivyoelewa. Akazima moto. Halafu akaanza kumuuliza Odette kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, lugha ambayo hawakuona haja ya kunifundisha kwa kuwa nilizaliwa mbali nayo. Odette akamjibu kwa Kirundi. Nikainamia sahani yangu, nikatafuna polepole ili nisipige kelele, na sikuambulia hata neno moja.